Nargis alikuwa na kazi yake

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu nyota wa zamani wa filamu za Kihindi nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani nimeruka mahali. Nargis mmempa aya tatu. Ya kwanza yasema alipendana na mwigizaji na mwongozaji Raj Kapoor, ya pili aliolewa na Sunil Dutt, ya tatu ndiye mama yake mwigizaji Sanjay Dutt. Ni kweli tupu. Lakini kazi yake iko wapi?

Kama ni lazima atajwe kwa kupitia mtu mwingine, basi atajwe kwa mama yake. Jaddanbai alikuwa mwimbaji, akatunga muziki wa filamu, akaongoza filamu na kumiliki kampuni yake katika miaka ya 1930. Binti yake, aliyezaliwa Calcutta tarehe 1 Juni 1929 na kupewa jina la Fatima Rashid, alimtia mbele ya kamera mwaka 1935, hajatimiza hata miaka saba. Mwaka 1943 mwongozaji Mehboob Khan akampa nafasi kubwa katika filamu ya Taqdeer. Naomba wasomaji wapige hesabu hapo: Raj Kapoor aliongoza filamu yake ya kwanza, Aag, mwaka 1948. Kwa hiyo wakati huo mwenye jina alikuwa Nargis, si yeye. Baadaye nembo ya studio ya Kapoor ilichorwa kutokana na picha ya Barsaat ya mwaka 1949: mwanamume ana fidla mkono mmoja na mwanamke amemlalia mkono wa pili. Mwanamke huyo ni Nargis.

Katika Awaara ya 1951, hakuwekwa pale kupendwa tu. Rita, anayemwigiza, ni wakili. Anavaa joho, anasimama mahakamani na kumtetea mshtakiwa. Sijui kwa nini wengi wanamkumbuka kwenye mashua na mwezi, wakamsahau mahakamani.

Mmesifu pia sauti yake ya kuimba. Hapo mmekosea, na haki ya mtu apewe mwenyewe: katika nyimbo za Awaara tunazozijua, sauti ni ya mwimbaji Lata Mangeshkar. Cha Nargis ni uso. Mtazameni wimbo unapoanza, jinsi anavyolipokea neno kwa macho kabla halijafika mdomoni.

Nililoshindwa kabisa kulinyamazia ni Mother India ya 1957, mliyoitaja kwa sababu moja tu, kwamba ndipo alipokutana na mumewe. Mama yangu aliiona Unguja, katika onyesho la wanawake peke yao. Kihindi hakukijua zaidi ya maneno ya nyimbo, na wenzake vivyo hivyo, lakini alinisimulia kwamba ukumbi mzima ulilia, na waliporudi nyumbani hawakuzungumzia mapenzi. Walizungumzia deni. Radha, ndiye Nargis, anakopa kwa mla riba, mavuno yanaishia kwa mla riba, mume anasagwa mikono na jiwe na kuondoka kwa aibu, mafuriko yanakuja, na yeye anajifunga plau mwilini na kulima. Tumezoea steringi awe kijana wa kupigana. Hapa steringi ni mama mwenye matope mpaka kichwani. Mwishoni anampiga risasi mwanawe mwenyewe, Birju, kwa kumteka msichana wa kijijini siku ya harusi yake. Mama yangu hakuwahi kukubali kwamba ilibidi afanye hivyo, na mpaka uzeeni alibishana na shoga zake juu ya risasi ile.

Aliyeigiza hayo yote, tangu bibi harusi mpaka kikongwe, hakuwa amefikisha hata miaka 30. Sunil Dutt, aliyeigiza kuwa mwanawe, alizaliwa tarehe 6 Juni 1929, yaani siku tano tu baada yake. Moto ulipowazidi wakati wa kupiga picha huko Gujarat, ndiye aliyeingia kumtoa, akaungua yeye, naye Nargis akamuuguza. Walioana Machi 1958. Ni kisa kizuri na sikatai kisimuliwe, ila mwaka huohuo wa 1958 Nargis alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la filamu la Karlovy Vary, Chekoslovakia, kwa ajili ya Radha, na filamu yenyewe ilikuwa ya kwanza ya India kuingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Hilo hamkuliandika.

Wala hamkuandika kwamba alirudi mwaka 1967 na Raat Aur Din, akiwa mke mwenye nafsi mbili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, na kupata tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike iliyotolewa kwa mara ya kwanza. Mwaka 1980 aliteuliwa kuingia Rajya Sabha, baraza la juu la Bunge la India. Saratani ya kongosho ilimwondoa tarehe 3 Mei 1981, siku chache kabla filamu ya kwanza ya Sanjay haijatoka.

Picha mliyochapisha ni ile ya Shree 420, yeye na Raj Kapoor chini ya mwavuli mmoja, mvua inanyesha. Naipenda sana. Lakini mkimwandika tena, nawaomba mchapishe ile ya Mother India, amebeba plau begani, yuko peke yake.

Msomaji wenu,
Unguja