Jicho kwa jicho, na kofi la shavu la kuume

Ndugu yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi hatujambo, mama anakusalimu na anauliza utakuja lini.

Mahubiri yako ya Mathayo 5 nimeyasikiliza mara mbili. Yamenigusa, ila pale uliposema Wayahudi walikuwa wakitoboana macho mpaka Yesu akaja kuwakataza, siwezi kunyamaza. Walimu wao hawaisomi hivyo amri ya Torati ya jicho kwa jicho.

Wana Mishna, mafundisho yaliyopokewa kwa mdomo, ambayo Rabi Yehuda aliyakusanya karibu mwaka 200 baada ya Kristo. Humo jicho kwa jicho ni fidia. Aliyemjeruhi mwenzake hulipia mambo matano: kilema, maumivu, matibabu, siku alizokaa bila kazi, na aibu. Hawakujitungia tu. Fungua Kutoka 21:19: matibabu na muda uliopotea vimetajwa mistari michache kabla ya jicho lenyewe. Halafu Hesabu 35:31 inakataza kupokea fidia kwa uhai wa mwuaji. Basi wao huuliza, kama katazo ni la uhai, kiungo je, si fidia yake inaruhusiwa? Na Talmud, kitabu chao kikubwa cha kuifafanua Mishna, inaongeza: kipofu akimtoboa mtu jicho, naye utamtoboa nini? Rabi Eliezeri alisema ni jicho hasa, na neno lake wamelihifadhi, lakini hukumu haikuwa hivyo.

Hilo la aibu ndilo lililoninyima usingizi. Mishna hiyo hiyo inataja viwango: kofi, zuz 200, kofi la mgongo wa mkono, zuz 400. Zuz ni kama dinari, ule ujira wa siku wa vibarua wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20. Kiganja kimegeuzwa tu, na malipo yamekuwa maradufu, kwa kuwa fedheha ni kubwa zaidi.

Sasa rudi kwa Yesu. Akishataja jicho kwa jicho, anaendelea na nini? Kofi, tena la shavu la kuume! Anayetumia mkono wa kulia atalifikiaje shavu hilo la mtu aliye mbele yake, isipokuwa kwa mgongo wa mkono? Ni kweli Mishna ilikusanywa baada yake, lakini mimi naamini wasikilizaji wake walijua kwamba fedheha ina malipo yake, naye akawaambia haki hiyo waiachilie. Kwangu mimi, hilo ni zito kuliko kuambiwa nisimtoboe mtu jicho.

Tena kuna hili, nalo nalipenda sana. Wanafundisha kwamba hata akilipa yote matano, mkosaji hasamehewi mpaka amwendee aliyemuumiza na kumwomba radhi. Na aliyeumizwa naye asiwe na moyo mgumu. Mfano wao ni Ibrahimu, aliyemwombea Abimeleki katika Mwanzo 20, baada ya yule kumchukua Sara.

Nakuomba, Jumapili utakaporudia somo hili, wasomee waumini Kutoka 21:19 kwanza, ndipo uende Mathayo. Na kama unaona nimekosea, niandikie.

Nduguyo katika Kristo