Ami, kombe la sabuni lisizikwe bado

Shikamoo Ami,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya pili mbele ya mama, akacheka mpaka akakaa chini. Unasema huko Muscat mmekaa na kahawa yenu mkakata shauri kwamba Challenge, kombe la timu za taifa za Afrika Mashariki na Kati, imekufa, na maiti haiwekwi ndani siku nyingi. Nakujibu hapa hadharani makusudi. Nikikuandikia peke yako utawaambia wenzako kwamba nimekubali.

Nianze na ulipopatia. Desemba 2019 Uganda iliifunga Eritrea 3-0 kwenye fainali kule Kampala, 2021 tukaletewa ya vijana wa chini ya miaka 23 Ethiopia, halafu miaka ikapita tukiulizana la wakubwa lini. Klabu haziachii wachezaji, maana mashindano hayamo kwenye kalenda ya FIFA na hakuna wa kuzilazimisha. Mdhamini mwaka huu yupo, mwakani hashiki simu. Mwenyeji anajitoa watu wamekwisha funga mabegi. Hapo sina ubishi.

Lakini wewe ndiye uliyenipa jina la "kombe la sabuni", nami mdogo nikidhani mshindi hupewa miche ya sabuni akafulie jezi. Kumbe ni kampuni ya Kiingereza ya sabuni, Gossage, iliyotoa kikombe mwaka 1926 wakigombee Kenya na Uganda. Wakatoka sare, wakarudiana, Kenya ikalichukua. Karibu miaka ishirini wakawa wawili tu, kama watoto wenye mpira mmoja wasiotaka mwingine aguse. Tanganyika ikaingia 1945, na sisi Zanzibar mwishoni mwa miaka hiyo ya 1940. Wenzetu wa Bara hawakukawia: 1949, 1950 na 1951 wakalibeba mfululizo. Uganda ndiyo iliyolizoea kuliko wote. Sisi mpaka Gossage linafungwa 1966 hatukulipata hata mara moja.

Na hapo ndipo ninapokupinga, Ami. Tulikuwa tukifungwa, lakini tulikuwa na kiti. Visiwa viwili vya karafuu vimekaa meza moja na Kenya, Uganda na Tanganyika, kura sawa, wimbo sawa, mistari ya uwanja ileile. Ukaja Muungano 1964, viti vingi vikaunganishwa. Cha mpira kikabaki. 1967 kombe likabadilishwa jina likawa Challenge, baadaye wakakaribishwa majirani wengine, sisi tumo. Ndiyo maana likifika kombe hili Bara nao hubadili jina: Taifa Stars ni yetu sote, lakini kwenye Challenge wao ni Kilimanjaro Stars, na sisi Zanzibar Heroes. Wachezaji waliovaa jezi moja mwezi uliopita wanakutana wakipigana vikumbo. Mashindano gani mengine makubwa yanatupa hilo? FIFA hatumo. CAF, shirikisho la soka la Afrika, walitupokea Machi 2017 kama mwanachama wa 55, tukapiga ngoma, Julai wakatutoa. Miezi minne. Hata mkopo wa pikipiki huchukua muda zaidi.

Nikukumbushe basi Desemba ya mwaka huohuo, kwa sababu wewe uliiangalia kwenye simu na hukuwepo hapa Michenzani. Tulitoka kufutwa CAF, tukaenda Kenya. Tukawafunga Bara 2-1. Nusu fainali Uganda, bingwa wa kuzoea, naye 2-1. Kocha alikuwa Hemed Suleiman "Morocco", huyuhuyu aliyekuja kuifundisha Taifa Stars. Fainali ikawa Machakos na wenyeji.

Tivii waliitoa nje wakaiweka juu ya kiti cha plastiki, waya umepitishwa dirishani. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja na redio yake sikioni, hataki kutazama picha. Tukagundua mapema kwamba redio ilikuwa mbele ya tivii kwa sekunde kadhaa. Kenya walipofunga mapema, yeye alisema "basi" kabla sisi hatujaona kitu. Dakika za mwishomwisho akasimama ghafla, kofia ikaanguka. Sisi bado tunaona mpira uko katikati. Baada ya hapo nani tena anaangalia tivii! Khamis Musa alisawazisha mara mbili usiku ule, la pili katika dakika thelathini za nyongeza, na yote mawili tuliyapokea kwenye uso wa mzee.

Yakaja matuta, mikwaju ya penalti. Kipa wao Patrick Matasi alidaka na kupangua tatu. Kila tukipiga sisi, watu wazima arobaini tunamkodolea macho mzee, hatuangalii mpigaji. La mwisho aliishusha redio polepole akaiweka mapajani, akaizima. Kwenye tivii mchezo ulikuwa bado haujaisha. Tatu kwa mbili. Hakuna aliyeongea mpaka muuza kahawa alipogonga vikombe vyake.

Kikao kile ndicho mnachotaka kukizika.

Utaniambia tunalo Kombe letu la Mapinduzi. Ni kweli, Januari 2025 walilifanya la timu za taifa, tukaanza kwa kuwafunga Bara 1-0, tukamaliza kwa kuwafunga Burkina Faso 2-1 pale Gombani, na Pemba hakulaliki. Lilikuwa tamu, sikatai. Ila hilo ni karamu ya nyumbani: sisi tunapika, sisi tunaalika, na mwakani tukitaka tunaita klabu. Challenge tunaitwa na wengine, kwa jina letu. Mwaka 1995 tulikwenda kulichukua Uganda, nyumbani kwa wenyewe, na wewe ulikimbia peku kutoka Mwembeladu mpaka bandarini. Mama anasema viatu hukuvipata tena.

Kwa hiyo waambie wenzako wa Muscat sanda wairudishe dukani.

Na jambo jingine. Ile jezi yako ya wakati huo tumeikuta kwenye sanduku la bibi. Panya wamekula kola, nyuma bado nzima. Binamu anasafiri kuja huko Ijumaa ijayo. Nimpe akuletee, au niibakishe mimi mpaka kombe litakaporudi?