Daftari la ZIL

Morogoro, Jumapili jioni

Ndugu yangu Rashidi,

Salaam aleikum. Hujambo wewe na mama watoto? Sisi huku wazima, ila mvua haitupi nafasi. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa Mama Neema, na sina la kujitetea. Nisamehe.

Aliyenishikisha kalamu ni Jumbe. Karudi Moscow wiki iliyopita, alikwenda kumwona mwanawe. Anasema alikitafuta makusudi kile kiwanda cha malori cha ZIL, akakuta maghorofa. ZIL nzima, Rashidi! Kiwanda kilichoanza mwaka 1916, leo pameota mtaa wa makazi unaitwa ZILArt. Chai ilinipoa mkononi.

Tangu hapo lile lori lao, ZIL-130, halinitoki kichwani. Unakumbuka mwalimu wa karakana alivyokuwa akiisimulia kama mtu anayesimulia ukoo wake? Magari ya kwanza ya majaribio yalitoka 1956, mwaka uleule kiwanda kilipopewa jina la Likhachev, mkurugenzi wake wa zamani. Mbunifu mkuu Kriger na wenzake walianza na injini ya silinda sita. Wakaona nguvu haitoshi. Wakaiacha, wakatengeneza ya silinda nane, lita 6, nguvu za farasi 150. Ndiyo maana lori halikuanza kutoka kwa wingi hadi 1964. Miaka minane! Wakati ule niliona ni uzembe. Sasa nimefungua injini nyingi za kila aina, nami nasema walifanya vyema kutokubali ile ya kwanza.

Na dereva walimfikiria. Aliyetoka kwenye lori la kabla yake, ZIL-164, la kupigana na usukani kutwa, akapanda hii yenye pawa stering, gia zinazoingia bila kukanyaga klachi mara mbili, na kioo cha mbele kilichopinda hadi ubavuni, alijua kuna mtu aliyemjali. Kwenye petroli tu ndipo ninapowalaumu. Zaidi ya lita 30 kwa kilomita 100 ikiwa na mzigo! Mafuta yalikuwa bei ya bure, basi dizeli ikangojewa hadi miaka ya 1980 kwenda mwisho.

Lakini nilitaka kukwambia habari ya zile koki za kumwagia maji ya injini. Jana kijana wangu mmoja hapa gereji kaniuliza kwa nini nasisitiza koki ikifunguliwa ipitishwe waya. Nikamweleza: baridi ya kule Urusi, maji ya kawaida kwenye rejeta, na kila jioni lazima uyamwage yote yasije yakaganda na kupasua injini. Koki tatu: moja chini ya rejeta, mbili kwenye injini, kila upande yake. Usiku ule ya kulia ilitiririka kidogo ikakoma, mimi nikadhani maji yamekwisha, kumbe kutu imeziba. Wewe ndiye uliyerudi gizani na kipande cha waya, ukachokoa, maji yakafoka yakakulowanisha mkono wa koti, nalo koti likakakamaa palepale kama ubao. Ungelala bila kurudi, asubuhi tungekuta injini imepasuka. Sikukushukuru vya kutosha siku ile. Asante, ndugu yangu.

Kijana alisikiliza, kisha akaomba picha aone koki ziko wapi. Sina. Nikakumbuka lile daftari lako la jalada la kijani, ulilochora njia ya maji yote kwa penseli nyekundu na bluu, na kabureta, na... sijui kama hata usukani hukuuchora. Zaidi ya malori milioni 3 yametengenezwa, Moscow walikwenda nayo hadi 1994, na mimi sina hata mchoro mmoja wa kumwonyesha mtoto!

Basi ombi langu ni hilo daftari. Ukiogopa kulitoa mkononi, nitakuja Tanga mwenyewe nilitazame kwako.

Je, bado unalo? Au lilipotea mlipohama Ngamiani? Ile ya silinda sita uliiandika humo? Mguu wako unaendeleaje, na yule daktari umerudi kwake? Na binti yetu mdogo, harusi ni kabla ya Ramadhani au baada? Nijibu upesi, Jumbe naye anangoja.

Nduguyo wa koki ya kulia,
Athumani