Kabla hujatoa hela ya kamera

Tanga, Jumatano usiku

Somo yangu,

Mimi mzima, hofu kwako na kwa wanao. Mama mpe shikamoo yangu, mwambie ile dawa ya mguu nimempa Idi, atapita nayo akija mjini. Najua muda mrefu umepita bila neno kutoka kwangu. Tutagombana tukionana, leo nina haraka.

Haraka yenyewe ni ujumbe wako wa jana. Ati kikoba chote, wanawake 22, mnakwenda Kilwa mwezi wa 7, wamekuteua wewe mpiga picha wa msafara, na sasa unataka kutoa akiba ununue kamera iliyotumika pale Kariakoo. Somo, usitoe. Au basi, usitoe kabla hujamaliza barua hii. Simu yako inatosha kwa safari hiyo. Kitakachoziharibu picha zenu ni ratiba. Umeandika kwamba mtalala Kilwa Masoko, mtaamka taratibu, mtakunywa chai, mtavuka kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu, saa 4. Hapo hata kamera ya mamilioni haina la kufanya.

Kuta za Kilwa ni mawe ya matumbawe na chokaa. Uzuri wake ni ule ukwaruzi, vishimo, alama za mkono wa fundi. Vitu hivyo huonekana mwanga ukija kwa ubavuni, kila kishimo kikapata kivuli chake. Saa 4 jua limeshapanda, na saa 6 ukuta unawaka mweupe mtupu, macho ya watu yamezama kwenye vivuli vyeusi, kila mtu amekunja uso. Mwezi wa 7 kule jua huchomoza kama saa 12 na nusu na kuzama kama saa 12 na dakika 20. Kwa hiyo mwanga wenu ni hadi saa 3 asubuhi, kisha tena kuanzia saa 10. Mkivuka saa 4 na kurudi saa 8, mmelipa nauli ya kupiga picha saa mbaya zote.

Halafu kuna maji. Hili naona hakuna aliyelifikiria, na Mama Salum ndiye mwenyekiti! Tazameni mwezi wa angani kabla hamjapanga tarehe. Bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, pwani yetu maji hujaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa kama saa 4 asubuhi. Kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Sasa piga hesabu: mkivuka saa 4 siku ya bamvua, chombo hakifiki karibu. Mtashuka kwenye tope, mkono mmoja umepandisha kitenge, mwingine umeshika simu. Lakini siku hiyohiyo mkivuka saa 1, maji bado hayajaenda mbali, na mkirudi saa 11 jioni yamejaa. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume: yanajaa saa 4, yanapwa saa 10, kwa hiyo mkisubiri mwanga wa jioni mtarudi kwa tope. Ndiyo maana nasema chagueni siku iliyo karibu na bamvua na mvuke mapema. Hata hivyo nahodha wa Masoko anaijua bahari yake kuliko mimi, mpigieni simu kabla.

Na kibali cha kuingia kwenye magofu. Kinapatikana Masoko kabla ya kuvuka. Mkisubiri ofisi ifunguliwe asubuhi ileile, saa 1 imepita. Fikeni jana yake kabla ya saa 9 alasiri, mkate, mlale nacho. Kutoka Dar ni karibu kilomita 300, kwa hiyo basi liondoke alfajiri, si baada ya nani sijui kusukwa nywele.

Ukishavuka, Gereza ndilo la kwanza, liko pale mnaposhukia. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505, na hilo mnaloliona sasa ni la Waomani waliojenga upya baadaye. Piga upande unaotazama mashariki kwanza, kabla jua halijapanda. Usiinue simu kuelekea juu ili ukuta wote uingie. Ukifanya hivyo kuta hulala kwa nyuma kana kwamba zinaanguka. Ishike wima kabisa, rudi nyuma hatua kumi au kumi na tano, hata kama nusu ya picha itakuwa mchanga. Mchanga utaukata baadaye. Tumia lenzi ya kawaida, ile ya 1x. Ya 0.5 inapinda pembe, na kuzuumu kwa vidole ni kuikata picha tu. Washa mistari ya gridi, uwe na pa kulinganishia ukuta.

Kutoka hapo nenda moja kwa moja Msikiti Mkuu, wala usikubali kuburutwa na wenzio kwenye madafu. Huu una sehemu mbili, na kila moja ina saa yake. Ile ya kale iko kaskazini, paa halipo tena. Kwetu kibla ni kaskazini, na mwezi wa 7 jua letu nalo hukaa upande wa kaskazini. Matokeo yake ni kwamba uso wa mihrabu uko kivulini kutwa, na mbingu nyuma yake inawaka. Simu ikiiona ile mbingu itautia ukuta giza. Sogea, punguza mbingu kwenye picha, gusa mihrabu kwenye kioo na ushikilie kidole mpaka ionyeshe kwamba imefunga, kisha panda au shuka kidogo na kile kialama cha jua. Kivuli hicho usikilaani, ni kizuri: kinaeneza mwanga sawasawa, nakshi zote zinasomeka. Mwezi wa 12 ndipo jua huhamia kusini na kuumulika ule ukuta kwa juu.

Sehemu ya pili, ya kusini, ndiyo yenye nguzo na kuba zilizobaki. Hiyo iwekeni akiba ya mchana. Saa 5 hadi saa 8, nje kukiwa hakufai, ndani kuna kivuli na mwanga unaingia kwenye matao. Mweke mtu hatua mbili ndani ya tao, uso wake uelekee nje kwenye mwanga, wewe simama karibu na ukingo, mgongo wako nje. Akigeuka akaupa mwanga mgongo, unapata kivuli chenye mtandio. Gusa uso wake, usiguse ukuta. Ngozi zetu mbele ya chokaa nyeupe simu hazizielewi, zitapima ukuta na kutufanya makaa. Kanga nyeupe ikishikwa upande wa pili wa uso inarudisha mwanga wa kutosha.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo, mashariki, juu ya genge la bahari. Ni kasri linalohusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyekuwapo Ibn Battuta alipofika mwaka 1331. Kila mtu atataka picha ya lile birika la pembe nane. Ukisimama ukingoni unapata pembe tatu tu. Tafuta mahali pa juu panaporuhusiwa, mwambie mtu mmoja asimame upande wa pili ili ukubwa ujulikane, basi. Na kuta zisipandwe, somo! Mawe yamelegea, na mahali hapa UNESCO walipaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, kisha kuanzia 2004 hadi 2014 pakawa kwenye orodha ya yaliyo hatarini. Mlinzi akimkuta Mama Salum juu ya ukuta, aibu ni ya kikoba kizima. Yule kijana wake naye, kama hana kibali cha droni, droni ibaki nyumbani. Bandarini Masoko pia uliza kabla hujainua simu.

Picha ya pamoja ndiyo watakayokudai. Usiwapange chini ya mbuyu. Mwezi wa 7 mbuyu umepukutisha majani, matawi yatawachora mistari usoni. Tafuta mwembe wenye majani mazito, au kivuli cha ukuta mrefu. Safu mbili za watu 11, ya mbele wakae. Safu moja itachukua kama mita tano na nusu, kwa hiyo rudi mita sita au saba, simu iwe usawa wa kifua. Wanene wasikae pembeni, lenzi za simu huvuta watu wa kingoni, na picha moja inaweza kuvunja chama. Waambie wafumbe macho, hesabu tatu, wafumbue, hapohapo piga tano au sita mfululizo. Kati ya watu 22 lazima mmoja atapepesa. Na kabla ya yote, pangusa lenzi! Mvuke wa chumvi mliopigwa nao baharini unatanda bila kuonekana, kisha kila picha inatoka na ukungu, na mwaka mzima mnalaumu simu. Kitambaa laini kikavu, si ncha ya kitenge chenye mafuta ya nazi.

Kisiwani wanaishi watu. Mama anayesuka ukili, wazee barazani, watoto wanaokimbilia chombo, picha hizo zitadumu kuliko za magofu, ambazo kila mgeni anazo. Lakini salimia kwanza, kaa, zungumza, omba. Akikataa, mshukuru upite. Akikubali, mwonyeshe, kisha mtumie iliyosafishwa kwenye karatasi kupitia kwa nahodha. Zima ile mashine ya urembo kwenye simu yako, inafuta mikunjo ya wazee.

Zima data, au weka simu kwenye hali ya ndege, betri idumu. Pawa benki ya mAh 10,000 inatosha kujaza simu mara moja na zaidi. Acha nafasi ya gigabaiti 5 hivi: picha moja hula megabaiti 3 hadi 5, lakini dakika moja ya video inaweza kuzidi 100. Simu ikichemka juani itapunguza mwanga wa kioo na hata kuzima kamera. Ifunge ndani ya kanga kavu, isiwe juu ya mchanga.

Najua wewe, bado unaiwaza ile kamera. Haya, kama ni lazima, nenda na Idi na msiharakishe. Mulika lenzi kwa tochi ya simu: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, ni kuvu, kwa joto la pwani haliponi, ondokeni. Weka tundu la lenzi kwenye f/16, piga anga tupu, kuza picha. Madoa meusi yasiyobadili mahali ni vumbi la kwenye sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, linasafishika, ombeni punguzo. Betri isiwe imevimba. Uliza shata, kile kipazia kinachofunguka kila ukipiga picha, imepiga mara ngapi. Na hata ukiipata nzima, ukivuka saa 4 itakupa kuta nyeupe zilezile. Juani anzia ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 100, tundu f/8, kasi ya shata 1/400 ya sekunde. Ukiiachia iamue yenyewe, chokaa itatoka kijivu, ongeza mwanga kwa +0.7.

Sasa hisani yangu. Nataka mihrabu ya Msikiti Mkuu, imekaa sawa katikati, bila mtu, niisafishe kwa ukubwa wa A4. Karatasi hiyo inataka pikseli 2480 kwa 3508. Ukinitumia WhatsApp kama picha ya kawaida, inafika imebanwa, upande mrefu karibu 1600, inatosha picha ndogo ya albamu tu. Itume kama dokumenti. Wenzio nao wafundishe hivyo, maana kundi la kikoba ndilo kaburi la picha nzuri. Jioni hiyohiyo, kabla ya kulala, hamishia zote kwenye flashi, kisha ndipo ufute za macho yaliyofumba. Zile mtakazosafisha, nyuma andika majina, mahali na tarehe kwa kalamu isiyofutika, pembeni, uache wino ukauke kabla ya kuzipanga. Sanduku la bibi limejaa sura ambazo hata mama hazijui, unalijua.

Niambie basi: tarehe imeshapangwa au bado inabishaniwa? Nahodha mmempata? Nani mwenye simu nyingine nzuri, ili wawe wawili wa kupiga na wewe pia uonekane? Vitenge vya sare ni rangi gani? Na yule shemeji anakwenda kama nani hasa kwenye safari ya wanawake? Mama anajua? Nijibu kabla ya Jumamosi, Idi akiwa bado hajaenda Kariakoo.

Wako,
Somo