Boksi la Count Basie limenifanya nizikumbuke bendi zetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa wasomaji, maana wiki ya tatu hii nyumbani kwangu hakupigwi kitu kingine zaidi ya Count Basie, yule mpiga piano na kiongozi wa bendi ya jazz wa Marekani. Shemeji yangu alikuja likizo kutoka Marekani akaniletea boksi la CD 3, nyimbo 63, zile ambazo Basie na bendi yake waliirekodia kampuni ya Decca kuanzia Januari 1937 hadi Februari 1939. Mimi nimekulia kwenye dansi, jazz ya Wamarekani nilikuwa naisikia kwa mbali tu redioni, sikuwahi kutulia nayo.

Kilichonikamata kwanza sio tarumbeta, ni wale wanne wa nyuma. Basie mwenyewe kwenye piano, Walter Page besi, Jo Jones drams na Freddie Green gitaa, tena gitaa kavu lisilo na umeme, na huyu bwana aliingia bendi 1937 akabaki humo mpaka anafariki 1987, miaka 50 kazi yake ridhim. Jo Jones hapondi lile dramu kubwa kila pigo kama ilivyokuwa kawaida enzi zile, mapigo kayahamishia kwenye matoazi mawili ya mguu, besi inatembea, gitaa linakata chini kwa chini, yaani muziki unakwenda mbio lakini husikii mtu anahema. Basie anagusa noti mbili tatu anaacha, na utamu uko hapo hapo anapoacha.

Halafu mdomo wa bata, yaani saksafoni! Walikuwa wawili kwenye tenor, Herschel Evans ana sauti nzito ya kifuani inayotetemeka, Lester Young mwepesi kama mtu anakusimulia jambo sikioni, na Basie hakutaka wafanane, aliwapokezanisha tu kila mtu na lugha yake. Evans alifariki Februari 1939, hajafika hata miaka 30. Tangu nijue hilo kila akisimama kupuliza naacha ninachofanya.

Santuri za wakati ule upande mmoja ulibeba kama dakika 3 tu, kwa hiyo mtu akipewa nafasi ana sekunde chache aseme lake akae. Na nyingi hawakuziandika, walizifuma kichwani usiku kwa usiku kwenye klabu ya Reno kule Kansas City kabla hawajajulikana, mmoja anaanzisha kipande kifupi wenzake wanadaka, kikikubali kinakuwa wimbo. Hapo ndipo niliposhtuka, maana mtu wa dansi hicho kitu anakijua, chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, likianza tarumbeta zinarudia kipande kile kile mpaka watu wanajaa uwanjani. Mapigo yetu yalitoka zaidi kwenye rumba ya Cuba na Kongo, sawa, ila jina tulilibeba wenyewe: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz.

Kinachoniuma ni mkataba. Basie alisaini dola 750 kwa pande 24 za santuri, mrabaha hakuna, na One O'Clock Jump ya Julai 1937, iliyokuja kuwa utambulisho wa bendi, imo humo humo. Hayo wazee wetu wa dansi hawahitaji kusimuliwa.

Lakini angalau majina yao yapo. Ndani ya boksi kuna kijitabu, kila wimbo tarehe yake, nani alipuliza nini. Mimi nyimbo za bendi zetu ninazo kwenye flashi, nyingine jina la bendi limekosewa, na yule wa tarumbeta aliyenifanya nilie siku ya harusi yangu simjui ni nani mpaka leo. Wenye mikanda, wenye haki na wapigaji ambao bado wapo hai wakae pamoja watutolee boksi kama hili, nitalinunua hata kwa kudunduliza.

Na nyie Mhariri mnaweza kuanza hata kesho, kila wiki chapisheni wimbo mmoja wa zamani mtuombe majina ya waliopiga, wasomaji tutaleta. Mimi nina santuri 11 alizoacha baba, lebo zinasomeka vizuri, nipo tayari kuzileta ofisini kwenu mnakili.

Msomaji wenu,
Morogoro