Niliagiza samaki aina ya sterbai, mkaniuzia panda, kisha mkanitukana

Kwa Meneja,

KUH: KUUZIWA SAMAKI AMBAO SIKUWAAGIZA NA KUDHALILISHWA MBELE YA MTOTO WANGU

Pokea salamu zangu. Naandika kwa heshima, ingawa mimi mwenyewe sikuipata dukani kwenu Jumamosi iliyopita.

Kijana wenu wa kaunta aliuchukua mfuko wenye samaki wangu wa mapambo waliokufa, akaufungua na kuumwaga juu ya kaunta, kisha akaniambia: "Mama, samaki ni samaki. Ukitaka wa bei rahisi nenda Dunga, ukakaange." Wateja, wanaojua kwamba Dunga ni ufuo wa kununua samaki wa kula, wakacheka. Sera yenu kuhusu samaki wanaokufa mapema mmeibandika ukutani, nyuma ya kichwa chake. Sina haja ya kuwasomea.

Agizo langu bado liko kwenye WhatsApp: koridorasi sita, yaani kambale wadogo wa tangini, aina ya sterbai, na wakikosekana, wale wa shaba, yaani aeneus. Mkajibu, "Sawa madam." Sikuandika "kambale wowote wadogo mlio nao". Nilichagua hao kwa sababu naishi Kisumu, na alasiri kipimajoto cha tangi langu husoma nyuzi 28. Sterbai huyamudu maji ya nyuzi 24 hadi 28. Wa shaba ni samaki mgumu, anayestahimili mengi, ndiyo maana wafugaji wanaoanza huelekezwa kwake. Mkanifungia koridorasi aina ya panda. Panda ni samaki wa mito ya Peru, na raha yake ni maji ya nyuzi 20 hadi 25. Kumtia kwenye maji ya Kisumu bila kuyapooza ni kumtesa, na anayeuza samaki kwa pesa anapaswa kulijua hilo kabla yangu.

Nilipopiga simu kuuliza, niliambiwa kwamba tawi lenu la Nakuru huwauza hao hao na hakuna anayelalamika. Bila shaka hawalalamiki! Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni baridi. Sisi huku tuko mita 1,100 na kidogo, kando ya ziwa. Huyo huyo aliyepokea simu akanishauri nitie chumvi, na akaongeza kwamba kambale hawa hawahitaji kulishwa, watakula uchafu wa wenzao. Koridorasi si mfagizi. Anahitaji chakula chake mwenyewe, kile kinachozama hadi chini, na chumvi haimfai.

Msiniambie tangi langu lilikuwa bichi, halijawa tayari kwa samaki. Filta ilifanya kazi hadi sumu za majini, amonia na nitraiti, zikasoma sifuri kabla sijaagiza samaki hata mmoja, na chini nimeweka mchanga laini, si changarawe. Sasa tazameni picha nilizoambatisha. Sharubu za samaki hawa zimelika hadi zimebaki vipande. Sharubu ndizo anazotumia kupapasia na kutafutia chakula, na hazikulika kwangu. Walifika hivyo, kutoka kwenye tangi lenu lenye changarawe kali ambayo kila mteja anaiona. Walifika pia wote sita wamebanwa kwenye mfuko mmoja mdogo, maji yametoa povu. Koridorasi akishtuka hutoa sumu, na katika maji machache sumu hiyo huwaua yeye na wenzake. Anayewasafirisha huwapa maji mengi na nafasi. Ninyi mliwafunga kama dagaa wa sokoni.

Narudi kwenye ile kaunta, maana hapo ndipo nilipoumia. Nilikuwa nimemshika mkono binti yangu. Yeye ndiye aliyekuwa amewapa samaki wale majina. Nilimwomba kijana wenu, kwa sauti ya chini kabisa, aangalie agizo kwenye simu yangu. Hakuitazama simu. Alifungua mfuko, akauinua juu, akaumwaga. Maji yakatiririka hadi kwenye viatu vya mtoto, na samaki mmoja akateleza akaanguka sakafuni mbele yake. Ndipo akasema yale ya Dunga na kukaanga. Msimamizi alikuwa amesimama pale pale, akageuka kupanga mikebe ya chakula. Hakuna aliyeniambia pole. Binti yangu ndiye aliyemwokota yule samaki.

Nilipoanza kuandika barua hii nilitaka pesa zangu tu. Nimeandika hadi hapa na naona hazitoshi. Nataka pesa zote za samaki, pamoja na za usafirishaji. Nataka barua ya kuomba msamaha, iliyoandikwa kwa jina la binti yangu, yenye sahihi yako wewe meneja, si ya kijana wa kaunta. Na nataka kila tangi lenu liandikwe aina kamili ya samaki na joto la maji linalomfaa, badala ya neno "kambale" peke yake. Msinipe samaki wengine. Sitawapokea.

Mnayo nafasi hadi Ijumaa ijayo. Baada ya hapo nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambako mtu anaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, nikiwa na Kifungu cha 46 cha Katiba, kinachohusu haki za wateja, na Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012. Sitaishia kwenye bei ya samaki peke yake, kwa kudhalilishwa nako nitatafuta haki yangu. Na picha za sharubu zile nitazituma kwa kila mfugaji wa samaki wa mapambo ninayemjua kuanzia hapa hadi Kakamega.

Nimeambatisha risiti, picha na mazungumzo yote ya WhatsApp. Msinipigie simu. Nijibuni kwa maandishi.

Mteja wenu,
Milimani, Kisumu