Mikataba ya chipukizi: kisa cha Toronto Marlboros kinatuhusu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa mikataba ambayo baadhi ya klabu za jiji letu huwafunga nayo wanasoka chipukizi. Mfano wangu unatoka mbali, Kanada, tena katika hoki ya barafu, mchezo ambao pengine wengi wetu tumeuona kwenye televisheni tu.

Klabu ya vijana ya Toronto Marlboros ilianza mapema karne iliyopita, na kwa miongo mingi ilikuwa kitalu cha klabu kubwa ya Toronto Maple Leafs. Ilitwaa Memorial Cup, kombe la juu kabisa la hoki ya vijana nchini humo, mara saba, kuanzia mwaka 1929, ilipokuwa na akina Charlie Conacher na Busher Jackson, hadi mwaka 1975. Mafanikio hayo hayakuiokoa: mwaka 1989 ilihamishiwa Hamilton kwa jina jingine, na mwaka 1991 ikapelekwa Guelph, ambako leo inaitwa Guelph Storm.

Wanamichezo huikumbuka kwa makombe, lakini wanasheria huikumbuka kwa kesi. John Tonelli alisaini mkataba na Marlboros akiwa na miaka 17, na humo mlikuwa na kifungu kilichoipa klabu asilimia 20 ya mapato yake katika miaka mitatu ya kwanza ya kucheza soka la kulipwa, au tuseme hoki ya kulipwa. Alipotimiza miaka 18, mwaka 1975, aliukana mkataba huo akajiunga na klabu ya kulipwa ya Houston Aeros, ya Marekani. Klabu ikamshtaki, na mwaka 1979 Mahakama ya Rufani ya Ontario ikaamua kwamba mkataba ule haukuwa na manufaa kwa kijana aliyeusaini akiwa mtoto, hivyo haukumbana. Tonelli akaendelea na mchezo na kutwaa Stanley Cup, kombe la ubingwa wa ligi kuu ya hoki ya kulipwa, mara nne akiwa na New York Islanders.

Sheria yetu ya Mikataba nayo haimtambui aliye chini ya miaka 18 kuwa na uwezo wa kuingia mkataba. Hata hivyo, bado tunaona baada ya mechi ya ndondo mzazi akisainishwa karatasi juu ya boneti ya gari, kalamu ya kuazima, na nakala haachiwi.

Najua klabu zitasema zimegharamia viatu, nauli na chakula, na ni haki zirudishiwe. Kwa uhamisho wa kimataifa, FIFA imeweka fidia ya mafunzo, ambayo hulipwa na klabu mpya wala haikatwi kwenye mshahara wa kijana. Naliomba shirikisho letu la soka liufuate mwelekeo huo hata ndani ya nchi, na lisisajili mkataba wowote wa mtoto ambao mzazi wake hana nakala yake mkononi.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam